Namna ya kuingia kwenye utafiti wa barafu za ncha za dunia ukiwa Dar, kuanzia friza ya nyumbani

Wadau, kila nikisema nafanya mambo ya barafu mtu anadhani nina kiwanda pale Feri nawauzia wenye samaki. Sikasiriki, mi mwenyewe nimeanzia kwenye friza ya mama, ila nimechoka kujibu swali lile lile kwa vipande vipande, "mkuu hivi mtu wa Dar anafikaje huko kwenye barafu za kaskazini kufanya utafiti, mchongo ukoje", kwaiyo leo naandika yote kwa mkupuo, ukiulizwa na mwenzio mtumie hii.

Tuelewane kwanza tunaongelea barafu ipi. Kwenye Kiswahili cha vitabuni wanaita barafuto, wengine mto wa barafu, na hilo la pili mi nalipenda zaidi maana kitu chenyewe kinatembea kweli. Theluji inaanguka, kiangazi hakiimalizi, ya mwaka unaofuata inalala juu yake, inaenda hivo miaka na miaka mpaka ya chini inakandamizwa inakuwa barafu ngumu, alafu uzito wenyewe unaisukuma kushuka taratibu. Usichanganye na bahari iliyoganda juu. Ile ikiyeyuka kina cha bahari hakibadiliki cha kusema, ni kama kipande cha barafu kinachoelea kwenye glasi ya juisi, nafasi yake kilishaichukua tangu mwanzo. Ya nchi kavu ndo inaongeza maji. Greenland ikiyeyuka yote bahari inapanda kama mita 7, Antaktika yote kama mita 58, na hapo sio kesho wala keshokutwa ni mambo ya karne na karne, ila milimita zinaendelea kujihesabu na ule ukuta wa Ocean Road haukujengwa kwa urembo.

Na kuna hili ambalo nikilisema watu wanabisha. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi kwamba inaivuta bahari isogee upande wake, ikipungua mvuto unalegea na maji yanaondoka pale yanasambaa mbali, kwaiyo jirani kabisa na Greenland bahari inaweza hata kushuka wakati sisi wa huku kwenye joto tunapandiwa kuliko wastani. Kwaiyo ukiniuliza mtu wa Temeke barafu ya Greenland inamhusu nini, inamhusu kuliko anayelala pembeni yake.

Sasa jambo ambalo ningeambiwa mapema ningeokoa kama miaka miwili ya maisha yangu. Msafara wa kisayansi haubebi mtu mwenye hamu, unabeba mtu mwenye kazi. Kila kilo inayopanda ndege kwenda kule inahesabiwa, mtu mmoja ni chakula, ni hema, ni mafuta, ni bima, ni nafasi nyuma ya pikipiki ya theluji, kiongozi akishika orodha anauliza huyu ataniletea nini ambacho hawa wengine hawana. Ukisema "napenda sana mazingira" umeachwa hapo hapo. Ukisema "naweza kuendesha rada ya kupima unene wa barafu na jenereta ikigoma naifungua" umeshaingia nusu. Mi barua zangu tatu za kwanza zilikuwa za aina ya napenda sana mazingira, unaweza kukisia majibu.

Kwaiyo kabla hujatafuta safari tafuta kazi yako. Kuna wanaochimba mashimo ya theluji na kusoma vigingi (fito zinazochomekwa kwenye barafu kuona imepungua kiasi gani), kuna wanaotoboa na kutoa miche ya barafu (naita mche kama mche wa sabuni, ni kipande kirefu cha mviringo), kuna wa rada, kuna wa GPS wanaopima barafu imetembea kiasi gani, kuna wa vituo vya hali ya hewa, kuna ambao hawatoki ofisini kabisa wanafanya na setilaiti, na kuna mafundi. Hao wa mwisho msiwadharau. Kituo cha utafiti kinahitaji mpishi, fundi umeme, fundi bomba, fundi magari na daktari, Waingereza wanatangaza nafasi za namna hiyo kwa ajili ya vituo vyao vya Antaktika kama Rothera na Halley, na kituo bila fundi ni banda la baridi tu lenye maprofesa ndani.

Haya, friza. Sitanii, anzia hapo, na hii sehemu nitakaa nayo maana ndo watu wanaicheka na ndo iliyonifundisha kazi.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi nunua kipande cha bomba la PVC la inchi 4 na kifuniko chake cha chini, kata urefu wa sentimita 40 hivi. Lisimamishe kwenye friza, mimina maji yapande sentimita 3, acha yagande kabisa, alafu nyunyiza vumbi la mkaa kidogo juu, mimina maji mengine ya sentimita 3, gandisha, safari hii weka unga wa ubuyu, mimina tena, gandisha, majivu, mimina, endelea hivo kwa wiki nzima au mbili. Usimimine yote kwa mara moja. Mi bomba la kwanza nililijaza mpaka juu nikaenda kulala, maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na juu huwa panatangulia kuganda panafunga, asubuhi nikakuta bomba limepasuka kwa urefu na mama amesimama mlango wa friza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hili bomba la choo linatoka lini kwenye barafu zangu za ubuyu?"

"Mama ni jipya, halijawahi kuona choo."

"Jipya la choo."

Nikahamishiwa droo ya chini, na nikapewa sharti kwamba wateja wake wa barafu wasilione.

Ukishapata mche wako uchovye na bomba lake kwenye ndoo ya maji ya kawaida sekunde chache tu, unateleza wenyewe. Lakini kabla hujautoa hakikisha kila kitu kipo mezani: rula, daftari, penseli, mzani, msumeno, ubao umefunikwa taulo. Joto la Dar halikusubiri utafute penseli. Pima urefu wote, chora tabaka zako kuanzia juu kwenda chini ukiandika sentimita ya kila mstari, alafu kata vipande na msumeno wa chuma na upime uzito kimoja kimoja. Sasa hesabu: bomba lenye upana wa ndani wa sentimita 10 lina eneo la kama sentimita za mraba 78.5, kipande cha sentimita 30 kinakuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 2,355, kama mzani umekuambia gramu 2,120 gawanya, unapata 0.90, huo ndo msongamano wake, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo. Barafu safi isiyo na hewa ni 0.917, hicho kilichopungua ni viputo vya hewa (na matone yaliyodondoka ukihangaika na msumeno).

Hiyo namba ndogo ndo inabeba fani nzima. Kigingi kikikuambia barafu imeshuka mita 1, bahari haijali mita ya barafu, inajali maji, na mita 1 ya barafu ni kama sentimita 90 za maji wakati mita 1 ya theluji mpya inaweza isifike hata sentimita 20 za maji. Ukikosea msongamano umekosea kila kitu kinachofuata mpaka kwenye bahari. Na ukitaka kufika kwenye bahari kariri hii moja tu: gigatani 360 (gigatani moja ni tani bilioni moja) za barafu ya nchi kavu zikiyeyuka bahari ya dunia nzima inapanda milimita 1. Tangu 2002 setilaiti zinazopima mvutano zimeonesha Greenland inapoteza kama gigatani 270 kwa mwaka kwa wastani na Antaktika kama 150. Piga hesabu mwenyewe.

Kingine ambacho friza itakufundisha ni uchungu. Siku moja umeme ulikatika mchana ukarudi usiku, tabaka zangu za wiki mbili zikawa uji wa kijivu ndani ya bomba. Nililalamika sana mpaka niliposoma kwamba mwaka 2017 huko Kanada friza ya hifadhi moja ya miche ya barafu iliharibika wakapoteza barafu ya Aktiki ya maelfu ya miaka, yangu ilikuwa ya Jumatatu iliyopita.

Miche ya kweli inatolewa kipande kipande na drili inayoning'inia kwenye waya, unashusha, unakata mita kadhaa, unapandisha, unatoa, unaandika, unashusha tena, na kadri shimo linavozidi kuwa refu muda mwingi ni wa kupandisha na kushusha tu. Pale Vostok, Antaktika, Warusi kwa kushirikiana na Wafaransa na Wamarekani walifika mita 3,623 mwaka 1998, na ule mche uliwapa historia ya miaka kama 420,000. Wazungu wa Ulaya wakaja na wao pale Dome C, Antaktika hiyo hiyo, wakafikia miaka 800,000, na Januari 2025 timu ya Ulaya karibu na hapo hapo ikatangaza imefika mita 2,800 na barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2. Wanachotafuta ni vile viputo, hewa ya zamani kabisa imefungiwa humo, unaiponda barafu ndani ya mashine isiyo na hewa unapima gesi. Kwa miaka yote hiyo 800,000 kabonidayoksaidi ilikuwa inapanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 kwa milioni, leo tumeshapita 420. Siku nyingine mtu akikuambia hali ya hewa imekuwa ikibadilika siku zote mwambie ndiyo, tena tunajua kwa kiasi gani.

Tukihama kwenye friza ni kompyuta, hapa nitaenda haraka maana mafunzo yapo kibao bure. Unahitaji laptopu ya kawaida, bando la usiku, na programu ya ramani ya QGIS ambayo hailipiwi. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972, za Sentinel-2 za Ulaya zinaonesha mpaka mita 10, zote bure unajisajili tu. ICESat-2 ya Wamarekani iliyorushwa 2018 inapiga leza chini inapima urefu wa barafu, nayo data zake bure. Zoezi la kwanza usiende Greenland, nenda Kilimanjaro, chukua picha, chora mpaka wa barafu, pata kilomita za mraba. Ramani ya 1912 ilikuwa na kama kilomita za mraba 12, mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kwaiyo ukipata 20 hujagundua kitu, umepima theluji ya jana. Hilo kosa wanalifanya wote, mi pia, dawa ni kutumia picha za miezi mikavu na kulinganisha tarehe mbili tatu, kinachobaki kila picha ndo barafu. Na mawingu yanadanganya kwa sababu yote ni meupe, ila kwenye mwanga wa infraredi ya mawimbi mafupi theluji inakuwa nyeusi wakati mawingu ya maji yanabaki kung'aa, ndo ujanja wote huo.

Na kwa kuwa tumetaja Kilimanjaro, jamani tuna barafu nyumbani na wageni wanatoka mbali kuja kuipima. Mtafiti wa barafu Lonnie Thompson kutoka Ohio alikuja mwaka 2000 na timu yake wakatoboa miche sita kule juu, ya zamani kabisa wakaikadiria miaka kama 11,700, iliondoka hapa ikiwa imeganda mpaka Marekani. Kuna kitu lazima ukijue usije ukaaibika mbele ya watu wa fani: barafu ya Kilimanjaro haina tabia za barafu za ncha. Kule juu hewa ni baridi na kavu, jua ni kali, barafu nyingi inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, na kilichoanza kuipunguza tangu mwishoni mwa karne ya 19 ni kupungua kwa unyevu na theluji sana sana, sio joto peke yake. Kwaiyo usinakili maelezo ya Greenland ukayabandika Kibo. Lakini kwa mazoezi ya kupima, kulala kwenye baridi, kubeba vifaa na kuona mwili wako unafanyaje mita 4,600 pale kambi ya Barafu, huna mahali pazuri zaidi.

Alafu hapo ndo kuna mlango ambao Watanzania wengi hawauoni. Mtafiti mgeni akija anapitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kuomba kibali, kwa kuwa ni hifadhi kuna TAWIRI (watu wa utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (watu wa hifadhi za taifa) pia, na anatakiwa awe na mtafiti mwenyeji wa kushirikiana naye. Mwenyeji huyo mara nyingi anatafutwa dakika za mwisho kwa kupiga simu chuoni, "una kijana anayejua GPS?" Kuwa huyo kijana. Kama upo Mlimani jiolojia au jiografia, au Ardhi kwenye upimaji, mwambie mwalimu wako mapema kwamba unataka, na umwoneshe ile ramani yako ya Kibo, sio umwambie tu. Mi nilipata safari yangu ya kwanza hivo, nikabeba betri ya kilo nyingi mpaka juu siku mbili kichwa kinauma kama kinapigwa nyundo, na aliyenibebesha ndo aliniandikia barua ya kunipendekeza Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa nitakavyovieleza huko chini.

Kuhusu kusoma, degree yako ya kwanza sio lazima iwe ya barafu, haipo hata hapa kwetu. Jiolojia, fizikia, hisabati, jiografia, upimaji, uhandisi, zote zinapita. Masta ndo unatafuta mahali penye watu wa barafu, Oslo, Innsbruck, Utrecht, Bristol, Fairbanks kule Alaska, na ufadhili wa kawaida ule ule mnaoujua, Commonwealth, Erasmus Mundus, DAAD. Kuna shule fupi pia, ya Karthaus kule Italia na ya McCarthy Alaska, zinachukua hasa wanafunzi wa PhD. Jiunge na APECS, chama cha watafiti vijana wa maeneo ya ncha, uanachama bure, nafasi nyingi zinapita humo na huko hakuna anayeshangaa unatoka nchi ya minazi.

Barua kwa profesa iwe fupi. Mistari minane. Mstari wa kwanza kazi yake gani umeisoma na umeelewa nini, wa pili na wa tatu unachoweza kufanya, weka ramani yako au hesabu yako moja kama kiambatisho, alafu uliza swali moja ambalo anaweza kulijibu kwa dakika mbili. Usianze na historia ya familia, usimwite "mpendwa bwana au bibi", tafuta jina lake. Asipojibu subiri wiki mbili mkumbushe mara moja tu, basi.

Antaktika sasa, maana kila mtu anataka Antaktika. Mkataba wake ulisainiwa 1959 na nchi 12, ya Afrika ikiwa moja tu, Afrika Kusini, na Tanzania mpaka sasa sio mwanachama, maana yake hatuna kituo wala meli, unaenda ndani ya timu ya nchi nyingine. Kwa jiografia yetu jicho liwe Cape Town. Meli yao S.A. Agulhas II inatokea pale kwenda kwenye kituo chao cha SANAE IV wakati wa kiangazi cha kule, na ndo meli iliyotumika 2022 kuipata Endurance, meli iliyozama ya mpelelezi Shackleton, ikiwa imelala mita 3,008 chini ya bahari ya Weddell. Kutafuta mwalimu wa masta kwenye vyuo vya Afrika Kusini ni njia fupi kuliko kuzungukia Ulaya, hayo ni maoni yangu, wengine wanabisha.

Svalbard ndo nilikofika mimi kwa kozi ya wiki kadhaa, ni visiwa vya Norwei nyuzi 78 kaskazini, mji unaitwa Longyearbyen na kuna chuo kabisa, UNIS, kinafundisha mambo ya huko huko. Sikilizeni hapa vizuri maana hapa watu wanaumia. Svalbard yenyewe haihitaji viza, lakini huwezi kuifikia bila kupita Norwei, na Norwei ni Schengen (lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), alafu Svalbard ipo nje ya Schengen. Ukitoka Oslo kwenda Longyearbyen umetoka Schengen, ukirudi unaingia tena. Kwaiyo viza yako lazima iwe ya kuingia mara mbili au zaidi. Mwenzangu mmoja wakala alimjazia fomu ya kuingia mara moja, viza ikatoka hivo, tukagundua zimebaki siku tisa kusafiri, ikabidi aombe upya, na tukafika Svalbard bila yeye, akatukuta kozi imeshafika katikati. Soma viza yako siku ile ile unayoipata.

Kingine cha mapema ni daktari. Watapima moyo, damu, na meno, meno usiyachukulie poa, jino likianza kuuma mahali ambapo ndege inakuja hali ya hewa ikitaka utalia. Mwaka 1961 daktari wa Kisovieti Leonid Rogozov alijipasua mwenyewe kidole tumbo akiwa Novolazarevskaya, Antaktika, kwa sababu daktari pale alikuwa ni yeye tu. Alipona. We toboa na uzibe meno yako hapa hapa Dar kabla hujaondoka.

Nguo. Watu wanatumiana orodha za jaketi za dola mia nane, acheni. Nenda mtumba Karume au Ilala asubuhi, uliza "makoti ya baridi", yapo kwenye kona yamejaa vumbi kwa sababu Dar hakuna anayeyataka, mi suruali ya kuteleza kwenye theluji nilipata elfu kumi na mbili na muuzaji aliniuliza kama naenda kuvulia samaki. Cha ndani kinachogusa ngozi kiwe sufu au nailoni ya michezo, usivae pamba, pamba ikilowa jasho inabaki na maji na kule maji kwenye ngozi ni hatari. Kati vaa fulana nzito au sweta la sufu, juu cha kuzuia upepo. Glavu jozi tatu, nyembamba ya kuandikia, nene, na ya akiba. Viatu na suti kubwa mara nyingi timu inakuazima, uliza kabla hujanunua. Miwani ya jua usisahau, theluji inarudisha mwanga unaweza kuchoma macho, na mafuta ya jua hata kwa ngozi yetu, mi pua ilibambuka. Kama ni Antaktika koti la mtumba utalikagua mpaka ndani ya mifuko na kwenye vile vishikizo vya kunasia, hawataki hata mbegu moja ya jani iingie kule, wanapitisha na mashine ya kufyonza vumbi.

Tukafika Svalbard mwishoni mwa Aprili. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni kwamba Longyearbyen ukiingia ndani unavua viatu mlangoni, hata hotelini, ni desturi iliyobaki toka enzi za wachimba makaa ya mawe, nikajisemea haya tupo nyumbani. Cha pili ni jua halizami, na wenzangu Waislamu mnauliza swala, wengi huko wanafuata ratiba ya mji mwingine au ya Makka, muulize shehe wako kabla ya safari. Nje ya mji sheria inakutaka uwe na kitu cha kumfukuzia dubu mweupe na timu nyingi zinabeba bunduki, siku mbili za kwanza hatukugusa barafu kabisa, ilikuwa kulenga shabaha, kufunga kamba na kumvuta mwenzio kutoka kwenye ufa. Nyufa kwenye barafuto zinafunikwa na theluji huzioni, anayetangulia anachoma mbele yake na fito ndefu, wote mmefungwa kamba moja, na kamba ikae imenyooka kidogo isiburuze chini, ukimsogelea mwenzio kupiga stori mmoja akidondoka mnaenda wote.

Kazi yangu ilikuwa vigingi na mashimo. Kigingi ni fito ya alumini, unatoboa barafu na drili ya mvuke, ina mtungi unachemshwa na gesi na mpira mrefu wenye ncha, inaingia mita kadhaa kama kisu cha moto kwenye samli. Unachomeka, unapima kimebaki nje kiasi gani, unaandika tarehe, unaondoka. Unarudi mwisho wa kiangazi, kama kilikuwa nje mita 1 na sasa ni mita 1.8 barafu imepungua sentimita 80, mara 0.9, ni sentimita 72 za maji. Kuna barafuto karibu na Ny-Ålesund linapimwa hivo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, fito na rula, kila mwaka. Shimo la theluji unachimba mpaka ufike uso wa kiangazi kilichopita, ni tabaka gumu na mara nyingi chafu kidogo utaliona, ukuta wa kupimia uwe upande wa kivuli, alafu kila sentimita 10 unachomeka kibomba cha chuma chenye ujazo unaojulikana unapima uzito na joto. Ni bomba langu la choo kabisa. Mwalimu wa kozi aliponiona nimepanga kila kitu kwenye ubao kabla ya kuanza akaniuliza nimefanya wapi kazi hii, nikamwambia nyumbani.

Yatakayokukuta: simu itazima ikiwa na asilimia 60, betri zote ziweke ndani ya koti karibu na mwili. Kalamu ya wino inaganda, beba penseli, tatu, moja imefungwa kamba kwenye daftari. Usishike chuma kwa mkono mtupu. Ukianza kuchimba fungua zipu kabla hujatoka jasho, sio baada. Kula hata kama huna njaa, mi nilikuwa natembea na karanga na kashata nilizotoka nazo, wenzangu walizimaliza siku ya tatu.

Sampuli za barafu nzima zinasafiri kwenye masanduku ya baridi kali mpaka maabara, hiyo ni gharama ya mradi mkubwa. Sisi tulikuwa tunayeyusha vipande ndani ya mfuko safi, tunamimina kwenye chupa ndogo tunajaza mpaka juu isibaki hewa, kwa ajili ya kupima oksijeni nzito na nyepesi, maana uwiano wao unasema theluji ilianguka kwenye baridi kiasi gani. Nilikuwa na chupa 24 za shimo moja. Lebo niliandika kwenye vifuniko kwa sababu ndo palikuwa pakavu, usiku kwenye kibanda mtu akafungua sita kuziongezea maji akazifunga bila kuangalia kipi ni cha nani, na asubuhi nikawa na sentimita 60 za theluji zisizojulikana ipi ipo juu ya ipi. Zile sita zilimwagwa. Andika kwenye chupa yenyewe, na penseli kwenye utepe, vifuniko vinahama.